Do ya Chini

Kijiwe cha mtaa wa Kanyenye kiko upenuni mwa duka la kuchapa la Levina: benchi moja la mninga, ndoo ya kusuuzia vikombe, na jiko la mkaa la Bi Kuluthumu, ambalo birika lake halipoi mpaka adhuhuri. Wenye benchi ni wawili. Babu Bendera alipata jina hilo kwa kuwapungia bendera madereva wa treni pale stesheni ya Urambo miaka ishirini na saba. Fundi Waya, jina lake hasa Ngollo, anatengeneza redio na simu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Alhamisi moja walimkuta Levina ameketi kizingitini, kompyuta mapajani, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, kahawa yake imepoa bila kuguswa.

Bi Kuluthumu ndiye aliyemuuliza kulikoni, na Levina, ambaye kwa kawaida hasemi neno mpaka alipime, akajikuta amemwaga yote. Mwalimu Mathias, aliyefundisha kwaya ya parokia mpaka kifo chake mwaka jana, aliacha nyimbo thelathini na moja. Aliziandika kwenye programu ya muziki ya zamani. Kompyuta yake ilipozimika moja kwa moja, ile mpya ya parokia ikaikataa programu hiyo. Basi Levina, katibu wa kwaya aliyeizoea ile ya zamani, akalazimika kujifunza nyingine. Jumapili ni misa ya kumbukumbu, kitabu cha nyimbo zote lazima kiwe mikononi mwa waimbaji, na wiki mbili sasa vidole vyake bado vinaishi kule kwenye ya zamani. Kitufe cha namba nne, kilichokuwa kikimpa noti ya pigo moja, huku kinatoa ya nusu pigo. Juzi aliandika kiitikio kizima, alipokichezesha kikatoka mbio kama watu wanaofukuzwa na nyuki.

— Hilo la namba nimelizoea, akasema. Kinachoniumiza ni hizi nyekundu.

Akawageuzia kioo. Programu mpya ilikuwa na tabia moja: noti isiyofikiwa na koo la kawaida inaipaka rangi nyekundu. Na karibu kila wimbo wa Mwalimu, kwenye pigo la mwisho kabisa, mstari wa besi ulikuwa na do mbili. Moja mahali pake, nyeusi. Nyingine hatua nane chini, nyekundu kama kaa la moto.

— Kirusi, akasema Fundi Waya, hata hajakaa vizuri. Kimepanda na flashi.

Levina akamwambia kirusi hakiwezi kuchagua pigo la mwisho tu, tena kikaweka do, si re wala fa. Fundi Waya akasema hicho basi ni kirusi kilichosoma.

Babu Bendera akakohoa. Yeye aliona jambo liko wazi: kwenye reli, nyekundu ni kusimama, na Mwalimu aliweka alama ili kwaya isipitilize mwisho wa wimbo. Alipoulizwa kama kuna kwaya iliyowahi kupitiliza, akasema ndiyo, ya Usinge, siku ya harusi, na bwana harusi akachoka kusimama. Fundi Waya hakukubali kushindwa hivihivi. Akadai ile noti haikuwa ya watu. Mwalimu aliziandikia spika za kanisani, maana spika bila besi zinapata kutu. Babu Bendera akajibu kwamba kama ni hivyo, basi iliandikwa kwa ajili ya mchwa, watoke kwenye nguzo za kanisa.

— Mnamchosha mtoto wa watu, akasema Bi Kuluthumu. Hiyo programu ni mkwe mgeni. Kaingia jikoni leo, keshasema chumvi imezidi. Anajua nini yeye, kila mmoja humu ndani anakula vipi?

Levina akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini moyoni alikuwa ameshaamua tangu jana. Yeye ni mtu asiyeweza kulala kama kuna nukta imekaa vibaya, na aliogopa kitu kimoja tu: watu wafungue kitabu Jumapili, waone makosa, waseme Mwalimu alikuwa hajui. Kwa hiyo usiku huo alianza na wimbo wa zamani zaidi. Alichagua noti nyekundu, akabonyeza, ikapanda hatua nane, ikalaliana na mwenzake wa juu zikawa noti moja. Akahifadhi juu ya nakala ya kwanza. Kufikia asubuhi alikuwa amekwisha kusafisha nyimbo kumi na tisa. Zimebaki kumi na mbili.

Wakati huo alikuja mzee mmoja mrefu, begi begani, vumbi la safari hadi magotini. Levina akainuka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, binti. Naitwa Minani. Nimetoka Ulyankulu. Parokiani wameniambia vitabu vya Mwalimu Mathias viko kwako.

Sauti yake ilitoka chini mno, hata Bi Kuluthumu akaliangalia birika lake kama ndilo lililonguruma. Levina akampa karatasi za wimbo wa kwanza, zilizochapwa asubuhi. Mzee akavaa miwani, akafuata mstari wa besi kwa kidole mpaka mwisho. Akarudia. Kisha akauliza, bila ukali:

— Noti yangu iko wapi?

Babu Bendera akaangalia barabarani.

— Nimeitoa mimi, mzee, akasema Levina. Nilidhani ni kosa.

Minani akaketi. Akawasimulia polepole kwamba alipokuja kufanya kazi mjini hapa, alipoingia kwaya, wenzake wa besi walimcheka. Wakasema anaimba kama lori linalopanda mlima, anawafunika. Akawa anakwenda mazoezini na kukaa kimya. Mwalimu aliliona. Wiki iliyofuata alileta wimbo mpya, na mwishoni kulikuwa na noti moja ambayo hakuna mwingine angeweza kuifikia.

— Akaniambia, Minani, wewe subiri pale mwisho, utufungie mlango. Toka hapo kila wimbo.

— Unazikumbuka zote?

— Ningezisahauje?

Basi akasogezewa kiti ndani ya duka. Levina alifungua wimbo mmoja baada ya mwingine, mzee akaimba pigo la mwisho, na yeye akairudisha do ya chini mahali pake. Kila iliposhuka ikawa nyekundu tena. Kwenye nyimbo mbili Minani alitikisa kichwa: hizo zilikuwa za Kwaresima, Mwalimu alitaka ziishie juu. Levina akaandika hata hilo. Nje Bi Kuluthumu alisuuza vikombe taratibu visigongane.

Walipomaliza wimbo wa kumi na tisa, mzee akavua miwani.

— Zilizobaki si zangu. Nilirudi Ulyankulu miaka sita iliyopita. Nafasi yangu alimpa nani?

Levina akawatazama wale wawili wa benchi, waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi. Wote wawili wakainamia vikombe vyao. Yeye mwenyewe aliingia kwaya baada ya Minani kuondoka, ameimba alto miaka yote hiyo sita, na alikumbuka jinsi besi walivyokuwa wakifika pale mwisho, wanaguna, wanaiimba ya juu tu. Mwalimu hakuwahi kuwakemea.

Akafungua wimbo wa ishirini, ambao mkono wake ulikuwa haujaugusa. Akaenda moja kwa moja mwisho. Akafungua wa ishirini na moja. Kisha ule wa mwisho kabisa, wenye tarehe ya mwezi mmoja kabla ya mazishi. Akamgeuzia kioo.

— Hakumpa mtu, mzee.

Minani akavaa miwani tena, akaiwekea kidole ile noti nyekundu. Halafu akamwomba Levina amsomee maneno polepole, kwa sababu wimbo huo alikuwa hajawahi kuuimba.