Fundi wa Milango Arejea Kazini

Ndani ya basi, mbele yangu, aliketi fundi wa milango aliyekuwa akirejea katika kiwanda cha magari, kilichookolewa na serikali kwa fedha za kodi. Ovaroli yake ilipigwa pasi, jambo ninalolisifu.

"Kumbe mshahara wako nalipa mimi," alisema mama mshonaji kando yake. "Cherehani yangu ikifa, nani ataiokoa?"

"Nikikosa mshahara, dada, nani atakuletea nguo za kushona?"

"Usinizungushe, kaka. Mliunda magari mabovu."

"Injini, labda. Milango yangu haijawahi kugoma."

Tulifika kiwandani. Basi hilo liliundwa humo humo, na mlango wake ukagoma. Fundi aliusukuma kwa bega, huku akicheka.

"Taratibu," mama akamwambia. "Unapiga kodi yangu."