Mzee Hodi, Msimamizi wa Nyumba za Watu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kabla hajafikisha miaka kumi, familia ilikuwa imehamishwa mara nne.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, kisha akasomea ufundi bomba kwa miaka miwili. Mwaka 1977 alitumwa kutengeneza sinki la zahanati, akamkuta nesi mmoja. Sinki lilipona siku hiyohiyo, lakini fundi alirudi kulikagua mara tatu. Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978.

Mwaka 1983 alifungua ofisi ya kusimamia nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba akishamkabidhi funguo, alilala usingizi. Marehemu alitafuta mpangaji, akamsomea mkataba neno kwa neno, akaandika kila ufa kabla mtu hajaingiza kitanda. Alikagua kila baada ya miezi mitatu, akapokea malalamiko, akaita mafundi, na siku ya kuhama akasuluhisha pande zote mbili. Ingawa funguo alikuwa nazo, alibisha hodi na kusubiri aitikiwe; ndipo wapangaji wakamwita Mzee Hodi.

Yapo ya Juni 2009, na binti yake wa pili, anayesoma wasifu huu, ameona yasemwe. Alikuwa karani wa baba yake. Fundi cherehani aliyepanga ghorofa ya pili alipiga simu kwamba kingo ya ngazi, ile ya kushikilia, inacheza. Binti aliandika daftarini, akakimbilia harusi ya rafiki yake, asimwambie mtu. Siku ya nne kingo iling'oka. Fundi alianguka, akavunjika nyonga, na hadi leo anatembelea fimbo.

Mwenye nyumba alikuja ofisini amefura, akauliza kama mpangaji alitoa taarifa.

"Alitoa," marehemu alijibu. "Nilizembea mimi."

Mwenye nyumba alichukua funguo za nyumba zake zote nane. Binti alikuwa amesimama pale pale kwenye kabati la mafaili. Hakusema neno, siku ile wala miaka kumi na tano iliyofuata. Marehemu alimtembelea fundi kila mwezi, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Januari mwaka huu, wodini, binti alishindwa kuvumilia, akamwambia yote.

"Najua, mwanangu," alisema. "Daftari nililisoma siku ileile fundi alipoanguka. Mimi usiniombe msamaha. Nenda kwa fundi."

Binti aliahidi kwenda, akawa anasema kesho. Marehemu aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, kabla ya kuletewa jibu.

Jumanne binti alikwenda. Fundi alisimamisha cherehani, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hawezi kusema amesamehe, si kwa siku moja. Ila mazikoni atakuja, na jambo hilo lisomwe mbele ya watu, kwa sababu mzee wa watu alilaumiwa bure. Leo ameketi safu ya pili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Mungu ampokee na kumpumzisha, na sisi tuliomtwisha yetu atusamehe.