Mzee Bonyeza na Bushi Zilizokazwa Hewani

Karakana inawatangazia wafanyakazi wote, kwa uzito unaostahili, kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri, jeki ya manjano haitakuwa na mwenyewe. Waliokuwa wakitamani kuiazima bila kuulizwa maswali sasa ruksa. Mwenyewe, fundi wetu mkuu wa miguu ya magari, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na likizo nne, tatu kati ya hizo akizimalizia hapahapa karakana.

Jina lake la kuzaliwa limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mzee Bonyeza, kwa sababu hawezi kupita karibu na gari bila kuweka viganja viwili kwenye kona yake, kulibonyeza, kuliachia na kuhesabu. Likipanda mara moja likatulia, shokapu, yaani vituliza mtikisiko vyake, ni nzima. Likiendelea kucheza kama kitanda chenye watoto, shokapu zimekwisha. Siku moja alilibonyeza gari la meneja wakati meneja yumo ndani anaongea na simu. Meneja alidhani ni salamu mpya ya mafundi, akampungia mkono. Mzee akahesabu hadi nne, naye akampungia. Kiti cha wageni cha ofisi ya utumishi alikibonyeza mara moja tu, na tangu hapo hupokea barua zake akiwa amesimama.

Mengi angeweza kusifiwa, lakini tukio linalostahili wino ni la mwaka huu, na linahusu gari namba nne. Gari hilo ni la zamani kiasi kwamba tunaliita Shangazi: haliingii mahali bila kulalamika. Kwa mwaka mmoja na nusu lilikuwa likigonga na kurusha abiria, nasi tukalibadilishia bushi mara tatu. Bushi ni ile mipira minene kama kikombe cha kahawa inayokaa kwenye maungio ya miguu ya gari ili chuma kisigombane na chuma. Zinapaswa kudumu miaka. Za Shangazi zilikuwa zikidumu kama ahadi.

Uongozi ulipouliza sababu, karakana ilijibu kama ilivyojibu siku zote: dereva. Ndipo dereva wa Shangazi, baba wa watoto watatu na mtu mpole asiyewahi hata kumpigia honi mbuzi, akapokea barua ya kumwita mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la "kuharibu mali ya shirika kwa kutumia mashimo." Ilikuwa wazi kwamba akipatikana na hatia, kazi hana. Kwa hofu akaanza kuendesha taratibu mno, hata wauza maziwa wa baiskeli wakawa wanampita na kumpa pole. Mkutano wa saa tatu alimfikisha mhasibu saa tano. Akapewa barua ya pili, ya kuchelewa.

Mzee Bonyeza alipewa kazi ndogo tu: aandike ripoti ya kuthibitisha kwamba bushi zimekufa kwa sababu ya mwendo mbaya. Mwingine angeiandika kabla chai haijapoa. Yeye alianza upya, kama mtu asiyelijua gari. Alilibonyeza kona zote nne, shokapu nzima. Alipima kwa uzi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, springi hazijalala. Alipima upepo wa matairi, sawasawa. Kisha akapanda kiti cha nyuma, akafumba macho, akamwambia dereva azunguke uwanja. Dereva alituambia baadaye kwamba alidhani Mzee anamwombea dua.

Bushi zilipotolewa, kila moja ilikuwa imechanika upande uleule mmoja. Mashimo hayana adabu ya namna hiyo, yangezirarua ovyo. Mzee akaenda na bushi mbili nyumbani, akaziweka mezani siku tatu akizitazama, mpaka mkewe akamtaka achague, zile au sahani.

Siku ya nne alirudi, akalipandisha Shangazi kwenye jeki na kufunga bushi mpya. Upande mmoja alikaza bolti magurudumu yakining'inia, kama tulivyofanya maisha yetu yote. Upande wa pili aliziacha zimelegea, akalishusha gari chini, likakaa na uzito wake, ndipo akajipenyeza chini yake akakaza. Alikuwa amechora mstari wa chaki kwenye kila mpira. Upande wa pili mstari ulibaki umenyooka. Upande wa kwanza, gari liliposhuka tu, mpira ulijipinda na mstari ukapinda nao. Ni sawa na kumfunga mtu mkanda akiwa amenyoosha mikono juu, halafu umwambie afanye kazi ya kuinama siku nzima. Atachanika, hata kama barabara ni zulia.

Mzee alikaa juu ya tairi bovu, akahesabu kwa vidole mpaka kengele ya chakula. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amekaza bushi zikiwa hewani, na alikuwa amewafundisha mafundi kumi na mmoja kufanya hivyohivyo. Stoo yetu ya vipuri, kwa upande wake, ilitoa mamia ya bushi katika muda huo na kutunukiwa cheti cha mzunguko bora wa vipuri. Bado kimetundikwa.

Ilibaki miezi minne astaafu, na hati yake ya utumishi usio na doa ilikuwa tayari imechapwa. Tulimshauri kama ndugu. "Mzee, funika kombe mwanaharamu apite." Akatujibu kwamba safari hii mwanaharamu anayengojewa apite ni yeye mwenyewe, na yule dereva mwenye watoto watatu ndiye atakayekanyagwa.

Akaenda mbele ya kamati na jeki, bushi na chaki, akaeleza kosa ni la nani. Kamati ilifadhaika sana. Fomu yake ina kisanduku cha mtuhumiwa anayekana na cha mtuhumiwa anayekiri, lakini haina kisanduku cha mtu anayekiri ambaye hajatuhumiwa. Mwenyekiti alimwomba kwa upole aende nje, atuhumiwe kwanza, ndipo arudi. Baada ya saa mbili kamati iliandika kwamba "imebainika bushi zilikazwa," ikamwachia dereva. Barua ya kuchelewa haikufutwa, kwa kuwa kuchelewa ni kuchelewa. Hati ya Mzee ilichapwa upya, na sasa inasema utumishi wake ulikuwa "mrefu."

Tangu siku hiyo Shangazi halijarudi kwa ajili ya bushi. Mzee aliwatafuta mafundi wake wote kumi na mmoja awaambie. Wawili walishika kalamu wakaandika. Wengine walisema ni barabara. Mmoja, ambaye sasa ana gereji yake, alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Sasa mzee wangu, bushi zikidumu, mimi nile nini?"

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, na asante zaidi kwa siku ile mbele ya kamati. Nenda ukapumzike na mama na wajukuu, na usiwabonyeze. Njia yako iwe nyororo, na pale isipokuwa nyororo, uwe umekazwa vizuri.

Tulimwalika yule dereva aje kusema machache kwenye hafla. Ameomba radhi hataweza: aliacha kazi hapa mwezi uliopita, na huko alikohamia wana gari jipya, naye hataki barua ya tatu.