Droni Kwenye Kamba ya Bibi

MJUKUU: Haloo? Nani mwenzangu?

BIBI: Mwenye kamba ya nguo.

MJUKUU: Bibi! Shikamoo.

BIBI: Marahaba. Lile lidude lako la kupeleka dawa zahanati liko uani kwangu. Limevaa shimizi yangu.

MJUKUU: Limevunjika?

BIBI: Shimizi imechanika. Asante kwa kuuliza.

MJUKUU: Pole, bibi. Ila usimwambie mtu. Bosi akijua limeanguka tena, leo leo ananitoa kazini. Nalitafuta tangu—

BIBI: Mtandao unakwaruza. Nimeweka sauti kubwa, mikono ina unga. Sema taratibu, kama unamwambia mtoto. Limeangukaje?

MJUKUU: Linapima hewa ndipo lijue limepanda kiasi gani. Juu hewa ni nyepesi, chini ni nzito. Sasa mvua ikikaribia, hewa inapungua nguvu hata huku chini. Lenyewe linadhani limepaa mno, basi linashuka—

BIBI: Mpaka kwenye shimizi.

MJUKUU: Bibi...

BIBI: Haya, endelea. Tunas— nasikiliza.

MJUKUU: Dawa yake ni lishike kimo kwa satelaiti. Zile haziyumbishwi na mvua.

BIBI: Hazikosei?

MJUKUU: Hukosea mita kadhaa, na chini ya bati halizipati kabisa. Lakini palipo wazi, ukilirusha juu ya miti kwa nafasi, haliwezi kuteremka hadi kwenye nguo za watu. Lile la akiba nimelibadilisha jana. Upepo wa mvua ulivuma, likatulia palepale.

BIBI: Bosi umemweleza?

MJUKUU: Namwogopa, bibi. Alisema kipimo cha hewa kinatosha. Halafu ana uso kama amelamba ndimu.

BIBI: Mh. Ndimu ya wapi hiyo? Mbona chai yangu anainywa vizuri tu.

MJUKUU: Nani?

BIBI: Kikombe cha pili hiki. Alikuja kulifuata lidude, akawa anasema mjukuu wangu mzembe. Nikamwambia kaa kwanza, baba, nimpigie.

MJUKUU: Bibi. Umeweka sauti kubwa.

BIBI: Si nilikwambia? Ngoja... Anasema lile la akiba ulilete hapa sasa hivi, alione likisimama hewani juu ya kamba yangu. Na yote mengine mtayabadilisha.

MJUKUU: Na... ile ya ndimu?

BIBI: Anacheka. Meno anayo, kumbe. Njoo, na sindano uje nayo, shimizi ni yako kuishona. Salio lina—