Chembe Tatu za Ukingoni

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa tisa kasoro, sisi tuliokuwa wodini tulisikia mlio mmoja mfupi wa mashine, kisha kimya, na dada yetu akawa ametutoka akiwa na miaka sitini na mitatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1960, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba, akasoma shule ya msingi mtaa wa pili, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu fizikia mwaka 1984, mwanamke pekee darasani.

Tarehe 2 Januari 1986 aliajiriwa katika maabara ya miamba, chumba cha chini kisicho na dirisha, akaendesha mashine inayoipiga chembe ya jiwe kwa ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ikang'oa atomi zake na kuzihesabu, nzito kwa nyepesi, ili uwiano wake ueleze jiwe lilitokea wapi. Wenzake walimwita Mama Desimali, kwa jinsi alivyobishana na tarakimu ya nne baada ya nukta kama wengine wanavyobishana na muuza nyanya, na kila baada ya vipimo vinne alirudia jiwe la kulinganishia, maana mashine ikichoka huteleza polepole bila kumwambia mtu.

Alifunga ndoa na dereva wa lori tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa mabinti wawili, walio hapa mbele yenu.

Machi 2009 maabara ilitangaza matokeo yaliyosifiwa sana, na Septemba ikabainika hayakuwa kweli, kwani chembe tatu zilikuwa zimegandishwa karibu mno na ukingo wa kisahani cha kuwekea chembe mashineni, mahali ambapo umeme hupinda, na ayoni nzito na nyepesi hazipotei njia kwa kiasi kimoja. Siku ya kuzipima dada hakukikagua kisahani, kwa sababu alimwamini aliyekiandaa. Kamati ilimtaka amtaje mtu huyo, akajibu, "Mpimaji ni mimi, andikeni mimi," wakamwondoa kwenye mashine, akabandika lebo kwenye masanduku ya mawe stoo kwa miaka kumi na moja, hadi alipostaafu. Mhusika alipomfuata jikoni akitaka kwenda kujisalimisha, alimwambia, "Huna hata mwaka kazini na mkeo mjamzito, hebu nipishe nioshe vyombo," na mhusika, kwa aibu yake, akapisha.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2022, akalazwa mara nne, na hata kitandani aliwaomba wauguzi wampime presha mara tatu ndipo waandike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliochoka pamoja nasi, majirani waliopika na kukesha, na wafanyakazi wenzake, ambao leo nawaomba msikilize, kwa kuwa wengi wenu mmemzika mkiamini kosa lilikuwa lake. Pumzika, dada, umebeba vya kutosha, na mimi nimechoka kunyamaza, aliyezipanga zile chembe ukingoni, akijua utaratibu wa vipimo unakataza, ili awahi kutoka kazini, ni mdogo wako huyu anayesoma, Chiriku.