Wasifu wa Bi Pindo, Fundi Aliyetaka Kupimwa Kabla ya Kukatwa

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Bi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mama wa nyumbani. Sisi wadogo zake alitulea mgongoni, na kofi lake tunalikumbuka pia.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Siku moja mwalimu alimkuta akifumua sare yake darasani.

"Unaharibu nini wewe?"

"Siharibu, mwalimu. Imekaa upande."

Mwaka 1974 alianza kushona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Jina la Bi Pindo alilipata hapo, maana nguo haikutoka mkononi mwake pindo likiwa limekwenda kombo, hata kama harusi ni kesho.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye alikuwa akileta suruali ile ile ipunguzwe mpaka ikawa kaptura.

Mwaka 2003 jicho lake la kulia lilivimba likatokeza nje. Kwanza madaktari wakasema mzio, akapewa matone. Halafu wakasema tezi ya shingoni. Picha ilipoonyesha uvimbe nyuma ya jicho, wakasema inaelekea ni saratani, jicho litolewe. Sisi tulilia. Yeye akamwambia daktari, "Mwanangu, mimi ni fundi. Sikati kitambaa cha mtu kabla ya kupima. Na wewe nipime kwanza, ndipo ushike mkasi."

Daktari alicheka, lakini alikubali. Akatoa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, nasi tukafunga na kusali. Majibu yakarudi: si saratani, ni ukungu, yaani fangasi, umeota nyuma ya jicho na una dawa.

Shemeji aliposikia neno ukungu, alikimbia dukani kwa mkewe akatoa nguo zote za wateja akazianika juani. Wateja wakaja mbio wakidhani duka linafungwa. Bi Pindo, dripu mkononi, alicheka mpaka muuguzi akamkemea, "Mama, utachomoa sindano!"

"Niache nicheke, binti. Miaka yote namwomba huyu baba anisaidie kuanika. Leo ndiyo amepata wito!"

Dawa zilikuwa kali na za muda mrefu, zikamkondesha. Lakini jicho lilirudi mahali pake, likaona. Bwana asifiwe! Nguo ya kwanza aliyoshona baada ya hapo ilikuwa gauni la harusi la binti yake mkubwa.

Mwaka huu moyo wake ulidhoofika. Tarehe 21 Agosti, asubuhi, alimwomba mumewe amfungulie dirisha, kisha akalala usingizi wa milele.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na sisi wadogo zake watatu. Jicho lililotakiwa kutolewa liliwaona wajukuu wote hao wakizaliwa, na leo tunamzika nalo. Mungu ampe dada pumziko jema, na amani Yake imfunike. Amina.