Mwalimu Zakaria Olweny, Aliyewataja Wenye Ardhi (1931–1977)

Kaka yetu Zakaria Olweny, ambaye leo tunamlaza hapa Kansanga, alizaliwa Kitgum tarehe 9 Mei 1931, mtoto wa pili wa marehemu Koplo Onen wa polisi na mama yetu Alanyo. Alikulia katika kambi za polisi, ndiyo maana Kiswahili kilimkaa mdomoni tangu utotoni.

Alisoma shule za misheni Kitgum na Gulu, akaendelea hadi chuo kikuu, akapata shahada ya jiografia mwaka 1957. Mwaka 1960 alifunga ndoa na Amito binti Okello. Wifi yangu husema kwamba siku alipokuja kumposa alimweleza habari za udongo wa mlima mzima, akakaribia kuondoka bila kusema lililomleta.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kilichojengwa Kisugu, juu ya ardhi ambayo ukoo wa Mzee Erinayo uliondolewa zamani, ukahamia hapa Kansanga. Kila alipoanza somo jipya aliwataja wenye ardhi. Mwaka 1973 mwanafunzi wake, Sulaimani, alimuuliza kwa adabu, "Mwalimu, ukishawataja, wao wanapata nini?"

Marehemu alimtafuta Mzee Erinayo hadi sokoni Kalerwe, alikokuwa akiuza ndizi, akamuuliza yeye mwenyewe. Mzee akamwambia kuwa makaburi ya wazazi wake yamo ndani ya ua wa chuo, na akienda kuyapalilia hufukuzwa. Tangu hapo marehemu hakuwasemea tena. Alimwalika mzee aketi mbele ya darasa na kueleza habari zao kwa kinywa chake. Tena alibishana na wakubwa wa chuo mpaka familia ikaruhusiwa kuingia, na wanafunzi wakashika majembe pamoja nao.

Mwaka 1976 afisa mmoja alitaka kujenga nyumba juu ya makaburi yale. Marehemu aliitwa, akatakiwa kuwaambia wanafunzi kwamba ardhi ile haikuwa na wenyewe. Jioni alimwambia mkewe, "Yule mzee nimemketisha mbele ya watoto wa watu. Nitamkana vipi?"

Aliendelea kufundisha kama kawaida. Mwezi Septemba walikuja watu wakamchukua akiwa kazini. Alirudi nyumbani Novemba, akiwa mgonjwa. Mengine mnayajua, na hapa si mahali pake.

Hakupata nafuu tena. Figo zilimsumbua, miguu ikavimba, akafariki nyumbani kwake Kisugu tarehe 14 Juni 1977, mkewe akiwa kando yake. Makaburi yale bado yapo, nyumba haikujengwa.

Tulitaka kumrudisha Kitgum, lakini mwaka huu njia haipitiki kwa usalama. Tukiwa matangani hatujui la kufanya, Mzee Erinayo alikuja na ndugu zake, akasema, "Mlazeni kwetu. Siku mtakapoweza kumpeleka kwao, tutakuja kumbeba pamoja nanyi."

Marehemu ameacha mjane, Amito. Watoto watatu, Onen, Alum na Julienne. Mama yetu Alanyo. Mimi dada yake Awiti. Na wanafunzi wengi, ambao baadhi yao hawakuweza kufika.

Apumzike kwa amani katika ardhi ya kina Erinayo, waliotupokea.